Makaa ya Kokwa za Zeituni

Naoufel Masmoudi alikuja tena kituoni na sufuria ya mchuzi wa mlukhiya iliyofungwa kwa kitambaa, na safari hii pia, kabla hata hajaitua mezani, akaulizia koti, akianza na “Si”, neno la Watunisia la kumwita mtu bwana.

“Si Lamjed, Mungu akuweke. Koti jeupe la mke wangu liko kule maabara. Niruhusu niingie mara moja tu nilichukue. Humo ndani anaona baridi.”

Inspekta Lamjed Gharsallah alifunua kitambaa, akanusa, akafunika. “Koti la maabara halimpi mtu joto, bwana. Mletee la sufi kutoka nyumbani.”

“Lile amelizoea.”

“Maabara ina lakiri ya polisi. Haingii mtu.”

Naoufel akaitikia kwa kichwa, kwa upole uleule ambao ulikwisha kumfanya apendwe na kila askari wa kituo cha Sfax mjini kati. Mwanamume anayempelekea mkewe chakula mahabusu huonekana kwa nadra. Kwa kawaida mambo huwa kinyume. Askari wa zamu alikuwa amemwita “mume wa madamu” bila nia mbaya, naye akatabasamu kwa midomo tu.

Alipotoka, Inspekta akaibeba sufuria mwenyewe hadi chumba cha mahojiano. Mkewe Naoufel, Dokta Raoudha Kamoun, alikuwa amekaa na mikono juu ya meza kama mwanafunzi. Alishtakiwa kuiba platini ya taasisi na kuichanganya kwa siri katika unga wake wa makaa ili aidanganye dunia. Mchana huo angepelekwa kwa hakimu. Akifika kwa hakimu na faili lilivyokuwa, harudi. Atakwenda gerezani, na jina lake litakuwa tusi katika kila maabara.

“Kula kwanza.”

“Sina njaa. Uliza.”

“Basi nieleze tena, kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Maana kweli sijui kitu.”

Raoudha akavuta pumzi. “Ukipitisha umeme kwenye maji yenye asidi, unapata gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ni nishati. Lakini maji ni makaidi, yanataka kitu cha kuyahimiza. Tunakiita kichocheo. Kichocheo bora tangu zamani ni platini, na bei ya platini unaijua.”

“Siijui. Mke wangu alikufa na pete ya fedha kidoleni.”

“Mungu amrehemu. Mimi natumia makaa. Kokwa za zeituni kutoka kinu cha baba mkwe wangu. Nazichoma pasipo hewa pamoja na urea, mbolea ileile ya wakulima. Naitrojeni ya mbolea inaingia katikati ya kaboni, inajipachika humo, na makaa yaliyokuwa yamelala yanaamka. Yanafanya kazi ya platini. Hamna chuma ndani, hamna metali yoyote. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, Si Lamjed. Metali ikionekana humo, hata chembe, mimi ni mwongo.”

“Na imeonekana.”

“Imeonekana.”

“Nani alianza kuisema?”

“Mtu asiyejitaja jina alimpigia simu Profesa Triki, mkuu wetu wa taasisi. Akamwambia apeleke makaa yangu Tunis yakapimwe. Wiki ileile Profesa alikuwa amejigamba redioni kwamba ugunduzi ni wa kwake na taasisi yake. Majibu yaliporudi, ugunduzi ukawa wangu peke yangu.”

Inspekta alikaribia kucheka. Alikuwa ameona wakubwa wa kila aina katika kazi yake, na wote walikuwa na kipaji hicho kimoja: sifa wanaipokea mlangoni, aibu wanaipitishia dirishani kwa jirani.

“Ndani ya chombo mna nini, ukiacha maji?”

“Ncha mbili za umeme. Upande mmoja makaa yangu. Upande wa pili njiti ya penseli.”

“Penseli?”

“Zile njiti nyembamba za kuchomeka, za duka la vitabu. Nazo ni kaboni. Tulimwomba Profesa fimbo za maana, tukaomba tena, ofisi yake ikapata viti vipya. Basi tukazoea njiti. Kila unapoanza jaribio unavunja ncha yake, hivi,” na vidole vyake vikavunja hewa, “ili upate uso mpya usio na uchafu. Kwetu mgeni hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo. Mikono inafanya yenyewe.”

“Na jaribio la mwisho?”

“Lilikuwa refu. Linajiendesha lenyewe. Nilivunja ncha, nikaliwasha, nikalitazama siku za mwanzo, likawa linakwenda vizuri. Halafu nikaenda Mahares, mama yangu alikuwa anaumwa. Niliporudi nikakuta makaa yanafanya kazi zaidi kuliko nilivyoyaacha.” Sauti yake ikashuka. “Kila kitu kinachoka kwa kutumika. Makaa yangu yalikuwa yananenepa. Nililia kwa furaha, na kumbe nilipaswa kushtuka.”

“Ulipokuwa Mahares nani aliingia?”

“Wenye ufunguo. Mume wangu, naye ni mtafiti palepale. Si Mokhtar Sellami, mwenzetu wa maabara. Na Profesa mwenyewe.”

“Yupi kati yao anakuchukia?”

“Si Mokhtar ananichukia waziwazi, kila asubuhi, pamoja na kahawa. Amefanya kazi ya platini maisha yake yote. Makaa yangu yakifaulu, yeye atakuwa mtaalamu wa kitu kisichohitajika. Lakini chuki yake haina sumu. Imeshakuwa kama salamu.”

“Na mumeo?”

Raoudha akasogeza sufuria karibu yake. “Unaona mwenyewe anachoniletea.”

Simu kutoka Tunis iliita Inspekta akiwa bado mlangoni. Profesa Triki aliwapelekea wapimaji makaa yaliyokwisha kutumika. Inspekta, kwa ukaidi wake na bila kumuuliza mtu, alikuwa amewapelekea makaa ya kwenye chupa, ambayo hayajawahi kugusa maji.

“Ya chupa ni safi,” alisema mpimaji. “Platini haimo kabisa.”

“Na yale yaliyotumika?”

“Yanayo, ila imekaa juujuu tu, kama unga juu ya mkate. Ukikwangua, ndani kaboni tupu.”

“Kwa hiyo haikuchanganywa.”

“Mtu akichanganya, inakuwa kote. Hii ilikuja baadaye.”

Hajatua simu vizuri, Komisaa akapiga.

“Lamjed, faili la yule mwanamke liko wapi?”

“Lina tundu, mheshimiwa.”

“Liwe na matundu kama chekeche, mchana liko kwa hakimu. Profesa Triki ni mtu mkubwa, amenipigia mwenyewe.”

“Naam, mheshimiwa.” Akachukua kofia yake akaenda kinyume na njia ya mahakama. Wakubwa walikuwa wamemnyima cheo mara kadhaa kwa ukaidi wa namna hiyo, wakimwacha kwenye ngazi ileile kama mtu aliyesahauliwa kituo cha treni, na sasa hawakuwa na kitu kingine cha kumnyima.

Maabara ilikuwa ghorofa ya juu ya taasisi. Upepo ulileta harufu chungu ya vinu, maana ulikuwa msimu wa kukamua zeituni. Aliikata lakiri, akaingia peke yake, akafunga mlango. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa siku Profesa alipoleta polisi na mpiga picha kwa pamoja. Koti jeupe lilining’inia msumarini. Aliligeuza mifuko: kitambaa cha mkono, peremende. Hamna mume anayelilia kitu kama hicho.

Chombo cha kioo kilikuwa juu ya meza, maji yake ya asidi bado yamo. Kama platini ilikuja baadaye, ilikuja kupitia humo. Alivaa glavu, akaishika ile njiti nyeusi kwa kibano, akaitoa. Kibano kiliteleza. Njiti ikaanguka juu ya vigae, ikalia kidogo, ikaviringika chini ya kabati.

Inspekta alipiga magoti kuitafuta, akiwaza jinsi atakavyoeleza vipande vya ushahidi. Aliipata nzima.

Akakichukua kijaluba cha njiti kilichokuwa pembeni. Akatoa moja, akaiachia kutoka urefu uleule. Ikasambaratika kama tambi kavu.

Akairudia ile ya kwanza, akaikunja polepole kati ya vidole. Ilikubali kukunjwa, ikabaki imekunjwa. Kisha akainyoosha juu ya meza mpaka ikanyooka, akailaza kando ya chombo, akaenda mlangoni na kumwita Mokhtar.

Mokhtar Sellami alifika akihema, mtu mfupi mwenye vidole vilivyounguzwa na asidi. Nyuma yake, bila kuitwa, alikuja Profesa Abdelwahed Triki na suti yake.

“Umekata lakiri!” alisema Profesa. “Komisaa anajua?”

“Simama pale karibu na dirisha, Profesa, usiseme kitu.”

“Unamwambia nani?”

“Wewe.”

Profesa, ambaye pengine hakuwahi kuambiwa hivyo tangu apewe ile ofisi, akaenda dirishani.

“Si Mokhtar,” alisema Inspekta, “niandalie chombo hiki, kama ungekuwa unaanza jaribio sasa hivi.”

“Cha yule binti? Nimtayarishie na keki?”

“Unamwonea wivu.”

“Andika kwa herufi kubwa. Namwonea wivu mpaka usingizi unakatika. Mimi nimesugua platini tangu nywele zangu nyeusi, halafu anakuja mtu na takataka za kinu cha mafuta, anaalikwa Ujerumani!” Huku akiongea alivaa glavu, akasuuza kioo, akamimina asidi mpya, akaokota ile njiti, na bila hata kuitazama vidole vyake vikajaribu kuivunja ncha.

Haikuvunjika. Ilijikunja.

Mokhtar akaipima kiganjani. “Nzito,” alisema. Akaipeleka kwenye mwanga. “Mama yangu. Huu ni waya wangu.”

“Waya wa platini hung’aa.”

“Ukiupaka platini yenyewe kwa umeme, unakuwa mweusi kama masizi. Kila mwanafunzi wetu anajua.” Akatazama chombo, akatazama waya. “Waya huu ukikaa upande ule, asidi inaula taratibu. Platini inavuka ndani ya maji, inakwenda kutua juu ya makaa. Ndiyo maana yalikuwa yananenepa! Masikini. Yeye anapima makaa, kumbe anapima waya wangu.”

“Umesikia?” Profesa alitoka dirishani kama mshale. “Waya wake, amekiri! Mkamate!”

“Dakika iliyopita mwizi alikuwa mwanamke,” alisema Inspekta. “Rudi dirishani.”

“Mimi?” Mokhtar aligeukia mmoja, kisha mwingine. “Waya umepotea kabatini kwangu tangu mwezi uliopita. Sikusema kwa sababu huyu bwana angesema nimeuuza.”

“Na ungekuwa umeuuza!”

“Profesa.” Inspekta hakupaza sauti. “Si Mokhtar amejaribu kuivunja ncha. Angejua ni waya asingehangaika. Sasa nendeni wote wawili chumba cha pili, mlango muuache wazi kidogo, na atakayekohoa nitampeleka yeye kwa hakimu.”

Aliunyoosha waya tena. Alimwaga asidi, akausuuza mkono wa glavu, akauweka waya palepale kando ya chombo. Halafu akampigia simu Naoufel: aje, koti atalipata.

Naoufel alipanda ngazi upesi. Alipoingia, hakuangalia msumarini. Aliangalia meza.

“Karibu, Dokta,” alisema Inspekta. “Nikusumbue kabla hujachukua koti. Hakimu atataka kujua chombo hiki kinaandaliwaje, nami nikimweleza atanicheka. Nionyeshe wewe.”

“Kwa nini mimi?”

“Mokhtar ana mdomo mchafu. Na hizi kokwa si za kinu cha kwenu?”

“Za kinu chetu.” Alivaa glavu. Mikono yake ilikuwa mizuri kazini, laini, haina haraka. “Wazo pia lilikuwa langu, kama ulikuwa hujui. Mimi ndiye niliyezichoma kokwa za kwanza, kwenye tanuru la mfinyanzi, kabla hatujaoana. Zikashindwa.”

“Na za mkeo?”

“Za mke wangu alizitia mbolea.” Alicheka kidogo. “Mbolea tu. Nilikuwa nimeipita dukani maisha yangu yote.”

“Mimi ningekasirika.”

“Mwanzoni hukasiriki. Unafurahi, unapika wewe ili yeye aandike. Halafu siku moja mtu anakutambulisha: huyu ni mume wa Dokta Raoudha. Na mtu huyo ni mwanafunzi wako wa zamani.” Alimimina asidi. Akaokota waya mweusi kwa vidole vitatu, akaufuta kwa karatasi, akauchomeka mahali pake, akakaza skrubu. “Basi. Umeona. Naomba koti.”

“Hii naona imezeeka. Weka mpya, hakimu apate picha safi.” Inspekta akamfungulia kijaluba.

“Hii ya zamani niitupe?”

“Iache. Weka mpya.”

Naoufel akatoa njiti kutoka kwenye kijaluba. Vidole vyake vikaivunja ncha, tak, na kipande kikaruka juu ya meza.

Kisha Inspekta akakiokota kile kipande na kukiweka katikati yao.

“Hii umeivunja.”

“Kawaida yetu.”

“Mkono wako umeivunja, wewe hata hukufikiri. Ile nyingine mkono wako haukuivunja. Kwa nini?”

Naoufel alifungua mdomo. “Nilisahau.”

“Mokhtar hakusahau. Alikuwa anafoka, anatukana, na hakusahau. Mkono haukusahau, Dokta. Ulijua kuwa ile haivunjiki.”

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka wote. Mokhtar alisimama pale, Profesa nyuma yake. Naoufel aliwatazama, akavua glavu moja, halafu ya pili, akazikunja vizuri.

“Ilikuwa iishie nyumbani,” alisema. “Kipimo kingeonekana cha uongo, angeona haya, angefuta safari ya Ujerumani. Tungeanza upya, pamoja, taratibu. Polisi sikuwaita mimi.”

“Simu ulipiga wewe.”

“Simu, ndiyo. Polisi aliwaita huyu, kwa ajili ya picha.” Alimwonyesha Profesa kwa kidevu. “Na walipoweka lakiri nikashindwa kuutoa waya. Ningeutoa, wapimaji wangebaki wanabishana mpaka kesho. Nilikuwa nikimpikia kila siku, Si Lamjed. Sikumwacha na njaa hata siku moja.”

“Ulimwacha mahabusu.”

Profesa Triki alikuwa amekwisha kutengeneza tai yake. “Basi, tusikuze mambo. Ugomvi wa mume na mke. Taasisi itatoa taarifa fupi, dokta atajiuzulu kwa sababu za kifamilia...”

“Dokta yupi?” aliuliza Mokhtar. “Mwanamke? Ajiuzulu kwa kosa gani, kuolewa?”

“Wewe nyamaza.”

“Sinyamazi. Namwonea wivu kwa sababu kazi yake ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningemwonea huruma.” Akamgeukia Inspekta. “Niite mbele ya hakimu. Nitasema waya ulikuwa wangu na nitaeleza ulivyofanya kazi, hata huyu bwana akinifukuza jioni hii.”

Inspekta alitia waya na kile kipande cha njiti kwenye mifuko miwili tofauti, akaandika majina ya walioshuhudia, likiwamo la Profesa, ambaye alikataa kutia sahihi mpaka alipoambiwa kwamba kukataa nako kutaandikwa. Kisha akashuka ngazi na Naoufel bila pingu.

Kituoni, Komisaa aliposikia kwa simu, alisema huyo mwanamke aachiwe kimyakimya. Inspekta alijibu kwamba alikamatwa kwa kelele, basi ataachiwa kwa mlango wa mbele.

Raoudha alisikiliza habari akiwa amesimama. Jina lilipotajwa hakulia wala hakubisha. Aliiangalia sufuria, ambayo ilikuwa tupu. Kumbe alikuwa amekula.

“Waya aliuweka lini?” aliuliza.

“Ulipokuwa Mahares.”

“Sio kabla?”

“Anasema hakuwa na nafasi. Ulikuwa hutoki pale.”

Alihesabu kitu kimoyomoyo, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. “Basi zile siku za mwanzo zilikuwa za makaa peke yake. Hazikuwa nzuri kama za mwisho. Lakini zilikuwa zangu.” Akavaa viatu. “Nitazirudia. Si Mokhtar akae pembeni atazame, anitukane akitaka.”

Njia ya kutokea ilipita mbele ya chumba ambamo Naoufel alikuwa akiandikisha maelezo. Mlango ulikuwa wazi. Aliinuka alipomwona, karani akamshika bega.

“Raoudha. Umekula?”

Alisimama kizingitini. Inspekta alijiandaa kumshika mkono asije akarusha kitu, lakini alikuwa hana kitu cha kurusha, hata sufuria alikuwa ameiacha.

“Ungeniambia, Naoufel. Kokwa zilikuwa zenu, wazo lilikuwa lako. Ungeniomba tu, ningeliandika jina lako kabla ya langu.”

Naoufel alikaa tena kwenye kiti, taratibu.

“Najua,” alisema. “Ndiyo maana sikuomba.”